Balozi Aliyekataa Kiti

Tulimwita Balozi, na balozi hakuwa. Alikuwa mtumishi wa ubalozi wa taifa moja kubwa la magharibi kule Dar es Salaam, mwenyeji wa Tabora aliyeajiriwa na wageni awaeleze nchi yake mwenyewe. Cheo chake rasmi kilikuwa kirefu na ndani yake mlikuwa na neno "msaidizi" mara mbili, ndiyo maana hakupenda kukitaja. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, wenye haja watauliza kwingine. Mimi namjua kwa ujirani. Nyumba yake ya Chemchem ilitenganishwa na yangu kwa ua wa mabua, na miaka yote ya ujamaa, kila aliporudi nyumbani, nilimsikia akikohoa, akisukutua, akisikiliza redio za nchi tatu kabla hajanywa chai. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiye na haraka ya kumsifu mtu. Niseme mapema kwamba sikumpenda, msomaji asije akanilaumu mbele ya safari.

Kazi yake ilikuwa hivi. Wakati ule wakubwa wa dunia walikuwa wanavutana, wa magharibi upande huu, Mrusi upande ule, na sisi katikati tukisema hatufungamani na mtu. Waajiri wa Balozi hawakuamini kwamba kuna mtu asiyefungamana. Walitaka kujua Mrusi amefika wapi, ameahidi nini, nani anamchekea. Basi kila kiangazi Balozi alipanda treni akaja kwetu, akazunguka Tabora na vijiji vyake, akarudi pwani na kuandika ripoti. Ripoti ile ikasafirishwa kwenda kwao, ikasomwa na watu wasioweza kuionyesha Tabora kwenye ramani, nao ndio wakaamua nani apewe nini.

Aliingia mjini amevaa suti ya vipande vitatu, na jua la Tabora tunalijua. Siku ya pili alikuwa ameshaibadilisha, amevaa kaundasuti ya kijivu kama katibu wa chama, maana hiyo ndiyo aliyoiona inafaa kwa kusikiliza wananchi. Nguo ya kusikilizia! Na kweli, akishaivaa alibadilika hata mwendo, mikono nyuma, kichwa upande, akiitikia "ndiyo, ndiyo" kabla mtu hajamaliza kusema. Nilimwuliza siku moja kwa nini anaitikia kitu ambacho bado hakijasemwa. Akanijibu, "Mwalimu, mtu wa kazi yangu anajua jibu kabla ya swali. Swali ni adabu tu."

Jina la Balozi alilipenda kupita kiasi. Alipojenga nyumba aliwaambia mafundi kwa sauti ya kusikika njiani, "Hii ni nyumba ya Balozi." Hilo lilimponza. Haukupita muda kina mama wa mtaani wakaanza kumgongea, huyu kuku wake ameibwa, yule mumewe amelala nje, wakidhani yeye ndiye balozi wa nyumba kumi wa chama. Asubuhi moja nilimkuta barazani amezungukwa na wanawake wanaogombea bata, amefumba macho kama anaumwa jino. Balozi mwenyewe wa nyumba kumi, mzee mwenye duka la kona, Mwarabu wetu wa Tabora ambaye familia yake imeuza nguo na sukari hapa tangu enzi za misafara, alikuja akaamua kesi ya bata kwa maneno machache, kisha akamwambia, "Bwana mkubwa, tuachie sisi bata, wewe shughulika na Mrusi." Mtaa mzima ulicheka, na yeye hakutoka nje mpaka jioni.

Mzee huyo mwenye duka alikuwa mmoja wa wale ambao Balozi aliwaita "vyanzo vyangu." Wa pili alikuwa kinyozi wa karibu na stesheni. Wa tatu alikuwa mhudumu wa behewa la chakula. Hawakujua kwamba wao ni vyanzo. Walijua tu kwamba wana mteja anayeuliza sana.

Nitaeleza jinsi vyanzo vilivyofanya kazi, maana nilikuwapo. Mwaka mmoja yalishushwa stesheni makreti makubwa yenye maandishi ya Kirusi. Balozi aliyaona akiwa kwenye kiti cha kinyozi, povu shavuni, akauliza, "Hizo zisije zikawa silaha?" Kinyozi hakuwa na habari, lakini mtu wa maana akikuuliza swali huwezi kulala nalo peke yako. Akampelekea mwenye duka. Mwenye duka, akimfungia mhudumu wa behewa sukari, akasema anasikia kuna mizigo ya hatari. Balozi alipopanda treni kurudi, mhudumu akamwinamia na kumnong'oneza, "Mzee, Tabora kuna silaha za Mrusi." Balozi akaandika kwamba habari imethibitishwa na vyanzo vitatu visivyojuana. Alinisimulia mwenyewe kwa fahari. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni sauti yako mwenyewe imekurudia." Akatabasamu vile wanavyotabasamu watu waliosoma wakizungumza na walimu wa shule za msingi.

Baadaye kidogo alikuja mzungu mwenye kamera ndefu, akidai anapiga picha za ndege. Ndege gani wa kukaa stesheni? Mgambo walimkamata akiwa juu ya tangi la maji, wakamlaza mahabusu na kumwachia asubuhi kwa aibu ya kutojua wamshtaki kwa kosa gani. Makreti yalipofunguliwa yalikutwa na vyerehani vya vikundi vya kina mama. Kimoja tulipewa sisi Chemchem, na ndicho nilichoshonea sare za wanafunzi wangu. Ripoti haikusahihishwa. Nilipouliza, Balozi alisema kusahihisha kunamshushia mwandishi hadhi.

Wageni wake aliokuja nao aliwapitisha kwenye njia ya zamani ya misafara, ile ya kwenda Ujiji, akasimamisha gari mahali pasipo na kitu na kuhutubia. Aliwaambia kwamba Tabora tangu zamani ndipo habari zilipopitia, kwamba mpagazi aliyetoka ziwani alibeba pembe begani na habari mdomoni, na bei ya kila kitu ilipanda au ikashuka kwa alichosema. Hapo nilimkubalia. Lakini mpagazi yule alikuja kwa miguu yake, akalala njiani na watu, akala chakula chao. Akidanganya, kesho atapita hapo hapo tena na watamwuliza.

Sitaki ionekane kwamba hakuwa na jema. Sukari ilipoadimika aliniletea kutoka pwani bila kuombwa. Mama yangu alipougua alimletea dawa na akakaa kando ya kitanda chake akimsemesha Kinyamwezi kizuri, cha wazee, ambacho hata mimi sikiwezi. Misibani alilia kwa kweli, machozi na kamasi. Akipishana na mzee njiani alisimama, akapiga makofi ya heshima, akauliza habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja mpaka wakamalizika. Ndiyo maana hasira yangu kwake haiishi. Mgeni asiyejua desturi unamsamehe. Huyu alizijua zote, akaziacha nyumbani kila alipokwenda kazini.

Majisifu yake makubwa yalihusu vijiji vya upande wa Lusu. Huko aliandika kwamba Mrusi anawavuta watu, na wakubwa wake waliposhtuka wakaleta mabati na saruji, shule ikaezekwa. Alinisimulia hilo mara nyingi juu ya ua wa mabua. "Unaona, Mwalimu? Ningeandika kwamba watoto wananyeshewa, nani angejali? Nimewatia hofu kidogo, shule imepata paa." Nilimwuliza kama Mrusi alikuwa ameonekana Lusu kweli. Akasema alipita mmoja kwenye lori, akielekea Mwanza.

Sasa nije kwa dada yangu, maana ndiye aliyenifanya nianze kuandika haya.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa upande wa Usoke. Watu walipohamishwa kukusanywa kwenye vijiji vipya, yeye na mumewe waliwekwa kwenye kijiji kilichopimwa vizuri kwa kamba, mistari imenyooka, mabani ya kukaushia tumbaku yamepangwa kama wanajeshi, ila maji hakuna. Maji yalikuwa korongoni, mbali, nako kiangazi unachimba mchanga kwa bakuli na kusubiri yajikusanye. Wanawake waliondoka alfajiri na kurudi jua kali. Dada alikuwa ameshapoteza watoto wachanga kwa kuhara, na kila niliposhika mkono wake nilihisi ngozi ngumu kama ya jembe.

Halafu neema ikaja. Taifa lile lile lililomwajiri Balozi lilileta mtambo wa kuchimba kisima kirefu. Mafundi wao wawili walikaa kijijini kwenye hema, wakichimba kutwa, na udongo uliotoka chini ulikuwa umeanza kulowa. Walisema maji yamekaribia. Dada alikuwa mjamzito, akanitumia salamu kwamba huyu ataogeshwa kwa maji ya kisima. Shule zilipofungwa nilikwenda kumwona.

Nikiwa huko ndipo lilipofika gari. Alishuka kijana mmoja wa kizungu mwenye kofia, mgeni kabisa nchini, na nyuma yake akashuka Balozi, katika kaundasuti yake. Aliponiona alishtuka kidogo, kisha akanipungia mkono kama tumekutana sokoni. Mwenyekiti wa kijiji alitoka na wazee. Wakasalimiana kwa Kinyamwezi, mwangaluka, mwangaluka, makofi, kila kitu mahali pake. Vijana wakakimbilia viti. Dada akakamata kuku.

Kijana wa kizungu hakungoja. Aliuliza kwa lugha yake, naye Balozi akatafsiri: "Mgeni anauliza, wale madaktari wa Kirusi waliopita hapa mnawaonaje?"

"Aa, hao hawana neno," mwenyekiti akasema. "Watu wazuri. Tunawashukuru sana. Karibuni mkae."

Kwetu, na hili kila mtoto wa Unyamwezini analijua, mgeni akiwa bado wima anaambiwa kwamba mambo yote ni mema. Hata kama ndani kuna maiti utaambiwa ni wazima. Hiyo ni salamu, bado si habari. Habari zenyewe zinakuja mgeni akishakaa, akishanawa, akishashika tonge, ndipo mwenyeji anakohoa na kusema, "Ila sasa..." Baada ya hilo "ila sasa" ndipo ungesikia kwamba Warusi wale walipita mara moja tu, wakachoma watu sindano, wakaenda zao na hakuna aliyeelewa walichosema. Ungesikia kwamba kijiji kizima hakina wimbo mwingine isipokuwa mtambo na maji.

Balozi alitafsiri maneno ya mwenyekiti kama yalivyo. Watu wazuri, wanawashukuru sana. Kijana akaandika huku macho yamemtoka. Kisha Balozi akaangalia saa.

Dada alitoka jikoni, kuku kwapani, tumbo mbele. "Kaka, kaeni basi. Nachinja sasa hivi."

"Siku nyingine, dada," Balozi akasema. "Tuna treni ya kuwahi."

"Hata kiti hamkai?"

"Siku nyingine."

Kiti kilikuwa kimeshafika, kijana mmoja wa kijijini amekishika mikononi, na Balozi akakizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi. Mwenyekiti alibaki ameinua mkono, maneno yamemjaa mdomoni. Gari likaondoka. Yule kuku tulimla wenyewe na hakuna aliyesifu mchuzi.

Niliporudi Chemchem nilimkuta bado hajaenda pwani. Treni ya kuwahi ilikuwa uongo. Nikamwita uani. "Balozi, mbona hamkukaa?"

"Mwalimu, nilichokifuata nilikuwa nimekipata."

"Lakini ulijua wazi kwamba ile ni salamu."

"Wewe fundisha watoto," akasema, akaingia ndani.

Mvua za kwanza hazijanyesha, lori likaja Usoke likapakia mtambo. Mafundi wale wawili hawakuweza kuwatazama watu usoni, waliamriwa tu. Shimo likafunikwa kwa bati na mawe juu yake. Dada akarudi korongoni na ndoo yake. Siku moja, akitoka huko, mzigo kichwani, mimba ikamtoka njiani. Mimba ya miezi mingi, mtoto alikuwa ameshatimia viungo vyote. Wanawake wenzake walimbeba na khanga zao. Baada ya hapo hakushika mimba tena.

Sikumsemesha Balozi kwa miaka. Aliniletea sukari, nikaiacha juu ya ua mpaka sisimizi wakaimaliza.

Nchi ilibadilika, ujamaa ukazeeka, wakubwa wa dunia wakachoka kuvutana, na waajiri wa Balozi wakaona hawana tena haja ya kuambiwa Mrusi amefika wapi. Walimpa saa ya mezani na barua ya shukrani, akarudi Chemchem moja kwa moja. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wapo mbali. Alikaa barazani kwake akingoja mtu apite amsalimie. Dada naye, macho yakiwa yanamsumbua na mumewe hayupo tena, alikuwa amehamia kwangu.

Alasiri moja Balozi alikuja mwenyewe, anatembelea fimbo. Sikumkaribisha wala sikumfukuza. Alikaa kwenye mkeka wetu, karibu na dada aliyekuwa anamenya karanga kwenye ungo, akamwamkia kama mtu asiyemfahamu. Baada ya chai ulimi ukamlegea, akaanza hadithi zake za kazi. Na kati ya zote, akaichagua hiyo.

"Niliwahi kuandika ripoti moja kutoka upande wa Usoke," akasema, "ikasomwa mpaka na wakubwa kabisa kule kwao. Niliambiwa iliwekwa mezani kwa mtu ambaye jina lake mnalisikia redioni."

Dada aliendelea kumenya. Mimi nikauliza, "Iliandikwaje?"

"Kwamba wale watu wanawasifu Warusi mbele ya mtambo wetu wenyewe."

"Ulijua wanachotaka ni maji?"

"Nilijua, Mwalimu. Nani asiyejua? Lakini kijiji kinachotaka maji hakina msomaji. Vimejaa Afrika nzima. Nilifanya kama Lusu. Nilijua wakiogopa wataleta mtambo wa pili, wataleta na zahanati." Akapapasa fimbo yake. "Sikujua kwamba kule juu ameingia mtu mpya. Huyo akasoma, akasema, kama wameshakwenda kwa Mrusi, Mrusi na awachimbie."

"Na Mrusi?" Hilo aliuliza dada, bila kuinua kichwa.

Balozi akacheka kidogo, kicheko cha mtu wa ofisini. "Mrusi naye alikuwa na waandishi wake, mama. Nilikutana na mmoja baadaye sana, tukasimuliana kama wazee. Wao walikuwa wameandika kwamba kijiji kile kina mtambo wa magharibi, kwa hiyo ni cha wenzao, wasipoteze muda."

Nilisikia maganda ya karanga yakidondoka. Nilikuwa na matusi yangu ya miaka mingi, nimeyapanga vizuri, na nilikuwa nafungua mdomo niyatoe pale dada aliponishika goti.

"Na mimi uliniandika?" akamwuliza.

"Wewe?"

"Niliyekuwa nimeshika kuku."

Balozi alimgeukia. Alimtazama uso, kisha mikono, kisha uso tena, na nikaona anamkumbuka. Akakiweka kikombe chini.

"Niliandika 'wanakijiji,'" akasema.

Dada akauweka ungo kando na kujipangusa mikono kwa khanga. "Mimi naitwa Kabula Maganga," akasema. "Mtoto aliyenitoka njia ya korongoni alikuwa wa kiume. Baba yake alikuwa ameshampa jina la babu yake, Mihayo. Andika."

"Dada yangu, siku hizi siandiki tena."

"Basi sema."

Akayasema majina chinichini, kama mtu anayejisomea. Dada akamwambia hajasikia. Balozi akainua sauti, akayarudia yote mawili, Kabula Maganga, Mihayo, na dada akamwambia ayaseme tena.